Laptopu inalia "tik tik tik" na haiwaki. Hadi diski imekufa kweli au fundi ananipiga?

#1 Msafiri wa Kimara
Wakuu salaam. Nina laptopu ya kizamani, Core 2 Duo, RAM 4, niliinunua mtumba Kariakoo mwaka 2016. Hadi diski, yaani pale mafaili yanapohifadhiwa, ni GB 320. Haijawahi kunisumbua zaidi ya kibodi kung'oka herufi "e" na betri kufa mwaka 2021. Tangu hapo natumia umeme wa ukutani moja kwa moja.

Alhamisi usiku naingiza hesabu, umeme ukakata. Uliporudi nikawasha, skrini nyeusi, maandishi meupe yanayosema haioni kitu cha kuwakia. Nikitega sikio pale kiganja cha kushoto kinapokaa nasikia tik, tik, tik, kimya, halafu inaanza tena.

Fundi wa hapa mtaani kaifungua dakika mbili akasema hadi diski kwisha habari yake, nimpe 150,000 aniwekee nyingine ya GB 500 na kunipigia Windows. Nikamuuliza mafaili yangu je, akasema "hayo sahau".

Sasa wajuzi: ni hadi diski kweli? Bei hiyo ni ya kibinadamu? Na mafaili ndiyo basi tena? Maana humo ndani kuna hesabu za kikoba, wanachama 28, mweka hazina ndiye mimi, na mgawo ni mwezi ujao.

#2 Kigoda cha Mbele
Hadi diski inakufa mwezi mmoja kabla ya mgawo. Mkuu, kwa kweli hata mimi ningekuwa hadi diski yako ningekufa.

Nimekaa mbele hapa, waje wenye uelewa.

#3 Bisibisi
Pole mleta uzi. Jambo la kwanza kabla ya bei: ACHA KUIWASHA. Kila unapoiwasha "nione kama leo itakubali" unapunguza nafasi ya kupata mafaili.

Hiyo tik tik nikueleze. Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani 90 kila sekunde. Juu ya sahani kinaelea kichwa cha kusomea, na pengo kati yake na sahani ni dogo kuliko chembe ya moshi. Kikishindwa kusoma alama za kukiongoza kinarudi nyumbani, kinajaribu tena, kinarudi. Hiyo safari ya kwenda na kurudi ndiyo unayoisikia. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa sahihi. Lakini dakika mbili hazitoshi kusema mafaili sahau.

Modeli gani hiyo laptopu? Mtu analeta mgonjwa hospitali bila jina.

#4 Jenereta
Hapa hakuna hata cha kujadili, ni umeme. Umeme ukikatika ghafla kichwa kinadondokea kwenye sahani, kinachubua. Na ukirudi unarudi na nguvu ya ajabu. Mimi Mbagala nimeshazika tivii mbili na friji.

#5 Mlimani_2011
Jenereta, nusu umesema kweli na nusu umechanganya. Kichwa hakidondoki hovyo. Hadi diski za kisasa umeme ukikata zinatumia mzunguko wa sahani zenyewe kama dinamo ndogo, zinapata nguvu ya kukirudisha kichwa kwenye maegesho yake. Hata laptopu ikizimika vibaya kichwa kinaenda kulala. Kinachoharibika mara nyingi umeme ukikatika ni faili lililokuwa linaandikwa wakati huo.

Na chaja ya laptopu inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, soma chini yake pameandikwa. Sio friji hiyo.

#6 Jenereta
Sawa profesa. Friji langu halikusoma chini.

#7 Msafiri wa Kimara
Bisibisi, karatasi ya modeli chini ilishafutika kwa jasho la mapaja. Ni ya kijivu. Ina vifuniko viwili chini, kimoja cha RAM, cha pili ndicho fundi alifungua, skrubu nne. Hadi diski imeunganishwa na waya mfupi bapa kama utepe.

#8 Bisibisi
Waya bapa! Hapo ungeanza kusema hivyo. Huo utepe nao hufa. Ukikunjika kidogo au ncha zikilegea, hadi diski haipati umeme wa kutosha, nayo inaanza kugonga vilevile tik tik. Nimeshamwona mteja amenunua hadi diski mpya mbili, zote "zimekufa", kumbe ni utepe.

Itoe hiyo hadi diski, mkabidhi mtu mwenye kompyuta ya mezani aichomeke huko. Ikilia na huko, hadi diski ndiyo. Ikinyamaza na kusomeka, laumu utepe.

#9 Dereva Mstaafu
Habari zenu vijana. Swali kwa mleta uzi. Hiyo laptopu unaibebaje? Unapanda boda?

#10 Msafiri wa Kimara
Shikamoo mzee. Ndiyo, naibeba kwenye begi la mgongoni, Jumapili za kikoba napanda boda kutoka Kimara Mwisho mpaka Temboni kwa kupitia ndani.

#11 Dereva Mstaafu
Marahaba. Basi jibu unalo. Njia ile naijua, mashimo yake yanang'oa meno. Na nyinyi vijana mna tabia ya kufunga kifuniko tu bila kuzima, mnatia begini ikiwa bado inahangaika kulala. Sahani inazunguka, boda linaruka tuta. Mimi sijasoma mambo ya vichwa ila gari nimeendesha miaka 31, najua kitu kinachozunguka hakipendi kurushwa.

#12 Mama Dagaa
Na mimi nichangie. Nina duka la mtandao na kuprinti Kigamboni, si mbali na Feri. Kompyuta zangu hadi diski hufa kila baada ya mwaka na nusu, miwili ikizidi. Haziendi popote, hazipandi boda, na umeme wangu una stabilaiza. Ni chumvi ya bahari jamani. Hata bawaba za milango zinaliwa.

#13 Kitunguu Swaumu
Mama Dagaa kwa heshima zote, hadi diski imezibwa, chumvi inaingiaje ndani?

#14 Mlimani_2011
Haijazibwa kabisa Kitunguu. Za kawaida zina kitundu cha kupumulia chenye chujio, ili hewa ya ndani na ya nje ziwe sawa, ndiyo maana pameandikwa usizibe hapo. Zilizozibwa kabisa ni zile kubwa za kwenye seva zinazojazwa gesi ya heliamu.

Lakini mama yuko karibu na ukweli kwa njia nyingine. Chini ya hadi diski kuna ubao wa kijani, umekaa juu ya vidoa vya shaba vinavyogusana na mashine ya ndani. Hewa ya bahari inavifanya viwe vyeusi na umeme haupiti vizuri. Mafundi wanafungua zile skrubu za nyota, wanasugua vidoa kwa kifutio cha penseli, wanafunga. Kuna zinazofufuka.

#15 Mama Dagaa
Asante mwanangu. Kifutio cha penseli! Nimetupa hadi diski sita mimi.

#16 Mkali wa Sinza
njia rahisi mkuu funga hadi diski kwenye mfuko wa nailoni mara tatu weka friza usiku kucha asubuhi chomeka haraka inasoma. mimi nilitoa picha za harusi ya bro wangu hivyo

#17 Bisibisi
Mkali, hiyo ni dawa ya mitishamba. Iliwasaidia baadhi ya watu kwenye hadi diski za zamani zilizokuwa na tatizo la aina fulani, na wewe ulibahatika. Lakini Dar hii yenye unyevu, ukitoa chuma cha baridi frizani kinatoka jasho kama chupa ya soda Kariakoo saa saba mchana. Matone yakiwa juu ya sahani, kichwa kinapita kwenye bwawa. Mleta uzi usijaribu.

Na mwingine asije akamwambia apige chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski. Hiyo inarekebisha mpangilio wa mafaili kwenye hadi diski NZIMA. Kwenye mgonjwa inamkimbiza mbio ndefu wakati anahema.

#18 Kigoda cha Mbele
Friza lenyewe lina samaki wa Mama Dagaa, hadi diski itatoka na magamba.

#19 Bi Mkubwa wa Tegeta
Turudi kwenye bei. 150,000 kwa hadi diski ya kuzunguka ya GB 500 ni wizi wa mchana. Mwaka juzi mimi nilinunua SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ya GB 240 mpya, maduka ya juu pale karibu na mtaa wa Samora, kwa 65,000, na waranti ya mwaka. Kijana akanipigia Windows kwa 15,000. Laptopu yangu ni ya 2010. Ilikuwa naiwasha, naenda kubandika chai, narudi bado inawaka. Sasa hivi sekunde ishirini na kitu.

Hizo za kuzunguka unazouziwa nyingi zimeng'olewa kwenye kompyuta za maofisini huko Ulaya. Zinafutwa vumbi, zinawekewa nailoni, "mpya".

#20 Kitunguu Swaumu
Bei ya mwaka juzi sio ya leo bi mkubwa. Chipu za kumbukumbu zimepanda bei dunia nzima, nenda kaulize tena uone.

#21 Msafiri wa Kimara
SSD inaingia kwenye laptopu ya zamani hivi? Fundi alisema "mashine yako haikubali SSD".

#22 Mlimani_2011
Angalia meno ya hadi diski uliyonayo. Ikiwa ina ulimi mwembamba wa plastiki uliopinda kama herufi L, mmoja mfupi na mmoja mrefu, hiyo ni SATA, na SSD ya inchi 2.5 inakaa bila ugomvi. Ikiwa ina pini nyingi zilizojipanga safu mbili, 44, hiyo ni ya kale zaidi. Core 2 Duo ni SATA karibu zote.

Kweli mashine yako haitaimaliza SSD nguvu zake. Njia yake ni SATA ya pili, inapitisha kama MB 300 kwa sekunde, na SSD inaweza zaidi ya 500. Ila hadi diski yako ya sasa haifikishi hata 100. Na kinachofanya kompyuta iwe nyepesi sio mbio ndefu, ni kuokota vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika. Hapo hadi diski ni mzee anayetafuta miwani.

Kitu kimoja: SSD ina unene wa milimita 7 na hadi diski za zamani ni 9.5. Itacheza kidogo mle ndani. Kata kipande cha boksi gumu uibane.

#23 Mkali wa Sinza
usinunue ile nyembamba kama bigijii. mimi nilinunua nikafika home haina pa kuingia, duka likakataa kurudisha

#24 Bisibisi
Hiyo ni M.2, ya mashine mpya. Mkali wewe una visa vya kutosha kuandika kitabu.

#25 Kitunguu Swaumu
Halafu akibadilisha anapoteza leseni ya Windows. Leseni inakaa kwenye hadi diski.

#26 Mlimani_2011
Hapana. Windows 10 inakumbuka mashine, hasa ubao mkuu. Ukiweka diski mpya ukapiga toleo lilelile, ikiingia mtandaoni inajitambua. Hiyo ni kama ilikuwa halali tangu mwanzo.

#27 Kigoda cha Mbele
Hilo "kama" limekaa vizuri. Laptopu ya mtumba Kariakoo 2016. Tunyamaze.

#28 Dereva Mstaafu
Kwani hiyo Windows 10 si walisema imefungwa?

#29 Mlimani_2011
Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025 mzee, ila inaendelea kuwaka. Windows 11 haiikubali Core 2 Duo. Mimi ningemwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inatosha kwa hesabu za kikoba.

#30 Kigoda cha Mbele
Nilikuwa najiuliza Linux itatajwa posti ya ngapi. Posti 29, mmejitahidi.

#31 Nyuki Mweusi
Hakuna aliyeuliza kuhusu sisimizi? Mimi Goba, mvua za Aprili, sisimizi wadogo wekundu walihamia ndani ya laptopu na mayai yao. Walipenda pale penye joto. Fundi alipofungua alifunga tena akaomba dawa ya kupuliza. Hadi diski ilikuwa inagoma kusomeka, tulivyosafisha meno ya soketi ikasoma mpaka leo.

#32 Bi Mkubwa wa Tegeta
Nimewasha taa nikaikagua ya kwangu. Asante kwa kuniharibia usiku.

#33 Msafiri wa Kimara
Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, siku nne sikuwa na cha kusema.

Jirani ana kompyuta ya mezani. Tumechomeka hadi diski Jumamosi. MAAJABU: haikulia kabisa, ikasomeka, folda nikaziona. Nikapiga kelele mpaka mke wangu akatoka. Nikaanza kukopi, dakika kama arobaini, tik. Tik tik. Ikapotea.

Jirani alikuwa amefungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kabla haijakata, akapiga picha kwa simu. Inasema imefanya kazi saa 38,000. Sekta zinazosubiri: 212. Kuna na nyingine imeandikwa makosa ya CRC, 1,340. Sijui maana yake.

#34 Bisibisi
CRC 1,340! Nilisema. Hayo ni makosa ya mawasiliano njiani, kati ya hadi diski na ubao mkuu. Utepe huo. Namba ile haihesabu ugonjwa wa sahani.

#35 Mlimani_2011
Bisibisi usikimbie na nusu ya karatasi. Sekta 212 zinazosubiri ni sahani. Ni sehemu ambazo hadi diski imeshindwa kuzisoma na inangoja nafasi ya kuzihamisha. Na imelia kwa jirani ambako utepe haupo. Ana magonjwa mawili.

#36 Dereva Mstaafu
Sekta 212 ni mashimo 212 ya njia ya Temboni.

#37 Bi Mkubwa wa Tegeta
Saa 38,000 mnaziruka? Gawa kwa 24 uone, ni zaidi ya miaka minne mfululizo bila kuzimwa. Mleta uzi unaitumia masaa mangapi kwa siku, mawili? Hiyo ilichoka kabla haijapanda meli. Ni uzee tu.

#38 Mama Dagaa
Haya, chumvi imesahaulika.

#39 Bisibisi
Tuachane na maiti amekufa kwa nini. Msafiri, usiichomeke tena kwa kukopi kwa kawaida. Windows ikikuta sehemu mbovu inang'ang'ania pale pale mpaka mgonjwa anakata roho. Pika fleshi ya kuwashia Linux, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Inaokota kwanza penye afya kwa haraka, sehemu mbovu inaziruka na kuzirudia mwisho, na inaandika kumbukumbu ya ilipofikia, kwa hiyo ikikata unaendelea. Unahitaji diski ya pili yenye nafasi kubwa kuliko 320. Ipulizie feni wakati inafanya kazi.

Na diski hiyo ya pili usinunue barabarani yale ya "TB 2" kwa elfu ishirini na tano. Ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya kwenye simu, iliyogandishwa kwa gundi, imefundishwa kudanganya ukubwa. Inaandika, inaandika, ikijaa inaanza kujifuta yenyewe. Kuna programu ya H2testw, inaijaza yote kisha inaisoma ilinganishe. Jaribu kabla hujaweka pesa za watu 28.

#40 Msafiri wa Kimara
Nimerudi na majibu wakuu. Jirani kanikopesha diski yake ya nje. ddrescue imekwenda usiku mbili, feni ya miguu imeelekezwa hapo, sisi tumelala na joto. Imeokoa karibu yote, imebaki sehemu ndogo sana.

SSD nimenunua, GB 240, nimeibana na boksi la dawa ya mswaki. Utepe nimenunua pia kwa kumfurahisha Bisibisi. Inawaka sekunde 27. Sikuamini nikaizima nikaiwasha tena.

Habari mbaya: faili la kikoba la mpaka Juni linafunguka. Lile la Alhamisi lenye Julai na Agosti lipo, jina lipo, ila ukubwa ni sifuri.

#41 Jenereta
SIFURI. Lilikuwa linaandikwa umeme ukakata. Nani alisema kwenye posti namba 4 kwamba ni umeme? Nauliza tu.

#42 Mlimani_2011
Faili ni umeme, ndiyo, nilisema mwenyewe posti namba 5. Hadi diski sio umeme.

#43 Jenereta
Kitu kimoja, usiku mmoja, sababu mbili. Sawa.

#44 Msafiri wa Kimara
Swali la mwisho. SSD imeandikwa 240 kwenye boksi. Windows inaonyesha 223. Nimepigwa 17?

#45 Bi Mkubwa wa Tegeta
Hujapigwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Mzigo ni uleule, vipimo viwili.

#46 Kigoda cha Mbele
Mweka hazina analalamika kwamba kwenye boksi ziliandikwa 240 alipofungua akakuta 223. Nasubiri wanakikoba nao wafungue boksi lao.

#47 Binti wa Temboni
Nimesoma uzi huu tangu posti ya kwanza, nipo kwenye mwendokasi nacheka peke yangu.

Kimara. Kikoba watu 28, Jumapili, Temboni. Laptopu ya kijivu isiyo na herufi "e". Kumbe ndiyo maana karatasi ya Machi niliandikwa "Nma". Nilidhani ni kifupi cha kitu.

Mweka hazina, mwenyekiti bado hajui. Jumapili njoo na daftari lako la mkono. Julai na Agosti nitakusaidia, nina meseji zangu zote za M-Pesa, na nimeshawaambia watu wanne wasifute za kwao. Halafu rejesho langu la Agosti nililipa mara mbili, unakumbuka? Nakukumbusha mapema, kabla hujasema nalo lilikuwa kwenye sifuri.

#48 Msafiri wa Kimara
Dada Neema nimekutumia ujumbe pembeni, tafadhali usome.

#49 Kigoda cha Mbele
Amemtaja na jina. Wakuu, uzi umepata wenyewe.

#50 Mama Dagaa
Mimi nimejaribu kifutio kwenye ile ya saba kabla sijaitupa. Imesoma siku mbili, sasa inalia tena. Lakini picha za mjukuu nimezitoa. Mlimani ubarikiwe.

#51 Mgeni Njoo
Habari wakuu, nimechelewa, posti zote sijasoma. Yangu hailii tik tik, inalia kama jogoo aliyeshikwa shingo, hasa nikifungua vichupo (tabs) vingi vya intaneti. Ni hadi diski au feni?

#52 Bisibisi
Modeli gani?